Nitajie Aliyechimba

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, vijana, na ninyi mliokaa karibu na mlango ili muwahi kutoka, nawasalimu kwa jina la Bwana. Mwinjilisti ameniomba niseme kwa ufupi. Mimi na ufupi hatujawahi kupatana, lakini nitajaribu. Majina ya watu sitayataja. Mkimtambua mtu, mstahini tu.

Wengi wenu hamkuniona nikiwa na magoti mawili mazima. Niliondoka hapa kijana kwenda kuchuma chai Bulwa. Meneja akaniona nacheza mpira na wenzangu nyuma ya kiwanda, akanivua kikapu, akanitia kwenye timu ya shamba. Tulishuka Muheza, tukashuka Tanga mjini, na kila tulipokwenda watu waliniita kwa jina la uwanjani. Sitalitaja, maana vijana watalichukua hilo jina kunichekea wiki nzima. Siku za Uhuru nilifunga goli kwenye mechi ya sherehe pale Lushoto, nikabebwa mabegani hadi sokoni. Ndugu zangu, nawaambia, ukibebwa juu unaona vichwa vya watu. Sura zao huzioni.

Kisha goti likaenda. Uwanja ulikuwa umelowa, nikageuka kufuata mpira, mwili ukageuka na mguu ukabaki pale pale. Nikapelekwa hospitali ya misheni. Daktari alikuwa Mmarekani mrefu, Kiswahili chake anakitembeza taratibu kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. Alifanya alichoweza. Jioni, akimaliza kuzungukia wagonjwa, alikuwa akikaa kwenye kitanda changu na kunisimulia mchezo wa kwao, besiboli. Mtu anatupiwa mpira mdogo mgumu, naye anaupiga kwa gongo, kisha anakimbia. Akanyanyuka, akachukua ufagio kunionyesha, nusura amwage chai ya jirani yangu.

Akaniambia habari za mchezaji mmoja aliyempenda tangu akiwa mtoto. Huyo mtu alikuwa akiupiga mpira unavuka ukuta wa uwanja, unaangukia barabarani, na maelfu ya watu wanasimama. Magoti yake yalikuwa mabovu kama langu. Kila siku alifungwa bandeji kuanzia pajani hadi chini, anaingia kucheza, anashangiliwa. Alipoacha, alikaa kwenye chumba cha hoteli, pazia limefungwa, anakunywa.

Nikamwuliza, "Daktari, hakuwa na majirani?"

"Alikuwa nao," akasema. "Hakuwajua."

Mimi nikacheka. Nikasema moyoni, wazungu hawa wana mambo. Kwetu mtu atakosaje kuwajua majirani?

Basi nikarudi kwa mama yangu, kule juu mlimani, na gongo langu la kutembelea. Wiki za mwanzo watu walikuja kunipa pole. Walitaka niwasimulie magoli, na mimi kila nikisimulia nilisikia goti likiniuma upya. Nikaanza kumwambia mama awaambie nimelala. Nililala sana miaka ile, ndugu zangu. Nililala mchana kweupe huku macho yangu yako dirishani. Mtoni nilikwenda watu wakishatoka. Ibadani sikuja. Taratibu wakaacha kupiga hodi, na ukimya ule nilioutafuta mwenyewe ukaanza kunila. Nilisikia watu wanacheka kule bondeni nikatamani kujua wanacheka nini. Sikuwa na wa kumwuliza. Mpweke haswa ni yule anayesikia watu.

Mnajua desturi yetu ya ngemo, nyumba moja inapolima, kila nyumba inatoa mtu na jembe. Baadaye likaja Azimio, likaja shamba la kijiji, na huko pia kila nyumba mtu wake. Nyumba yetu mtu wake alikuwa mama. Mzee yule alibeba jembe begani, anapanda mlima, anashuka, mimi nimejifunika blanketi. Hakunilaumu hata siku moja. Akirudi ananiambia habari za watu: fulani kajifungua, fulani kaezeka nyumba. Namwitikia "mmh," na majina yananipita tu.

Kisha mama akafariki.

Watu walikuja wengi kuliko nilivyotegemea. Walikuja kwa sababu yake, si yangu. Mimi nilisimama pembeni, kwenye migomba, kama mtu aliyepita njia akasikia kilio. Jeneza likashushwa. Ndipo nikaona mtu anatoka nyumbani kwetu amevaa jezi yangu ya zamani, ya mistari, iliyokuwa ikining'inia ukutani. Alikuwa Mzigua mmoja aliyehamia huku kwa kazi ya ushonaji. Sisi Wasambaa na Wazigua ni watani, na msibani mtani hakatazwi. Alishika kijiti, anachechemea kama mimi, uso kaununisha kama mimi, akaenda hadi ukingoni mwa kaburi akajilaza chali.

"Na mimi nifukieni," akasema. "Nilikufa zamani, huyu mama alikuwa ananificha tu."

Watu wakaangua kicheko. Mchungaji akageuka kutazama milima, mabega yake yanatikisika. Mimi nilikasirika. Nikasogea, nikamtukana kwa ugali wao wa muhogo, "We mla bada, vua jezi yangu."

"Nikomboe," akasema, bado amelala. Hiyo ndiyo haki ya mtani, akishika kitu chako umkomboe. Nikamwambia atapata kuku. "Kuku wako sitaki. Nitajie aliyechimba kaburi la mama yako. Mmoja tu, nikuvulie."

Nikawatazama. Walikuwa wamesimama na majembe yao, udongo mwekundu hadi magotini. Sura nilizijua. Jina sikuwa nalo hata moja. Nilimkumbuka yule mchezaji aliyenisimulia daktari, ndani ya chumba chake na pazia lake, na mimi nilikuwa nimemcheka.

Mzee mmoja akaona nimekwama. Akaweka jembe chini, akanisogelea, akanipa mkono wenye udongo, akataja jina lake na la baba yake. Wa pili akafuata. Wakaja wote, mmoja mmoja, wakajitambulisha kwangu pale nilipozaliwa, kama anavyopokelewa mgeni. Hapo ndipo nilipolia. Machozi ya kumlilia mama yalikuwa hayajatoka mpaka saa ile. Mtani akanyanyuka, akavua jezi, akanivika yeye mwenyewe.

Ngemo iliyofuata nilikwenda. Kulima siwezi sana, lakini kunoa majembe naweza, na kupiga soga naweza zaidi, mnanijua. Wazee mlionishika mkono siku ile, mpo hapa, nawaona. Asanteni. Daktari yule alirudi kwao, Mungu amlinde. Na mama apumzike, jembe lake ninalo mimi.

Mtani wangu tumemzika juzi. Nilichimba nikiwa nimepiga goti moja, lile zima. Jeneza liliposhuka nikavaa kofia yake, nikatundika futi yake ya kupimia nguo shingoni, nikajilaza ukingoni vile vile alivyofanya. Ndugu zake Wazigua walikuwa wamepanda kutoka bondeni, wengi sikuwahi kuwaona. Wakataka niwarudishie kofia ya marehemu wao. Nikawaambia, nikomboeni, nitajieni aliyechimba.

Nilidhani nimewaweza. Kumbe marehemu alikuwa akiwasimulia habari zangu. Wakanitaja wote kwa pamoja, na hawakuniita kwa jina la uwanjani. Waliniita kwa jina alilonipa mama.

Usiache mtu usiyemjua jina akuchimbie kaburi. Ndilo neno nililo nalo. Kofia nimewarudishia.