Flashi ya Harusi Katika Ofisi ya Vyeti

Hebu fikiria benchi la mbao nje ya ofisi ya vyeti vya kuzaliwa, saa nne asubuhi. Mlango uko wazi, ila ndani kompyuta zote kumi na moja zimeganda tangu jana. Kirusi kimefunga majalada yote. Kwenye benchi wapo watatu wa kila siku: Mhuri, karani wa ofisi hiyo, Gia, dereva wa mkuu wa ofisi, na Kinyozi wa duka la jirani. Pembeni kuna mama mshonaji, mgeni kwao. Binti yake anatakiwa kufikisha cheti chuo cha uuguzi kabla ya saa nane mchana, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Gia anamimina kahawa.

— Mimi nasema ni kiyoyozi, anaanza Kinyozi. Kinavuta hewa ya nje, na huko nje virusi vimejaa.

— Hiki si cha mafua, bwana, anasema Gia. Hiki kimetumwa. Wale wa ghorofa ya juu wana wivu, wamekipitisha kwenye waya wa umeme.

— Umeme upi, na juzi ulikatika?

— Ndiyo hapo sasa. Kilijibanza kwenye soketi, kikisubiri urudi.

Mhuri anapuliza kahawa yake.

— Mnazunguka tu. Mwenye kazi hii ni yule fundi wetu wa kompyuta.

— Si mlimhamishia stoo ya karatasi?

— Ndicho kisasi chenyewe. Miaka miwili katutesa. Neno la siri analo yeye peke yake. Ukitaka kuweka programu, umwite. Flashi haiingii. Kila Ijumaa anasukuma kinga mpya ya virusi kwenye mashine zote akiwa kitini kwake, na sisi tumekunja mikono kama watoto wa chekechea. Tukaandika barua, tukasaini wote kumi na wanne. Mkuu akamhamisha, akatupatia neno la siri.

— Kila mtu?

— Tulilibandika ukutani, herufi kubwa. Uwazi.

— Hapo mlifanya kiutu uzima, anasema Kinyozi.

— Tulifaidi, ndugu yangu. Jana mimi nilichomeka flashi ya harusi ya shemeji. Ikaomba neno la siri. Nikatazama ukutani, nikaipa.

— Video ya harusi iliomba neno la siri? anauliza Gia.

— Mara tatu. Nikajua ni ukoo wa bibi harusi, wale wanajisikia sana.

— Na harusi uliiona?

— Wapi. Mashine ikaganda, ikafuata ya jirani, mwisho zote. Kumbe fundi kakitega kirusi humo humo.

— Kwenye flashi ya shemeji yako?

— Yule hashindwi. Huenda hata alialikwa.

— Au ndiye aliyepiga picha, anaongeza Kinyozi.

Mama mshonaji anakohoa kidogo.

— Samahanini, kaka zangu. Mimi mambo haya siyajui. Hiyo miaka miwili fundi alipokuwa akiwazuia, kompyuta ziliganda mara ngapi?

Gia anachungulia kikombe chake. Kinyozi anakumbuka kwamba ana mteja.

— Mama, hilo si swali la hapa nje, anasema Mhuri. Nenda dirishani.

— Dirishani ndiko nilikotoka. Wameniambia nimuulize karani aliyekaa kwenye benchi.

Saa nane imemkuta mama palepale, bila cheti. Kwa hiyo siku ukichoka kumwita fundi kila unapotaka kuchomeka kitu chako kazini, nakuomba umkumbuke mama huyu mmoja tu, na binti yake.