Kiraka cha Levina

Jumamosi, tarehe 8 Novemba 2025, saa kumi na moja jioni, nyumbani Lipangalala, umeme ukiwa umekatika, marehemu Levina Viktor Lyandama alimaliza kudarizi kiraka kimoja, akamwomba mumewe, Mwalimu Kasmiri Matimbwi, amwachie pasi ya mkaa aliyokuwa ametoka kunyooshea shati la kanisani. Mumewe alikwisha kumwaga makaa, akamjibu, "Kesho, Mama Nelly, haraka ya nini?", naye akacheka, "Mwalimu, mbona shati lako halikungoja kesho?", kisha akakiweka kiraka dirishani. Hilo ndilo jambo la mwisho la kawaida katika nyumba ile, ndiyo maana historia hii, iliyoandikwa na mumewe na kusomwa na mdogo wa marehemu, Adolf, inaanzia hapo.

Marehemu alizaliwa Lupiro tarehe 17 Oktoba 1973, mtoto wa tatu wa Mzee Viktor, dereva wa misheni, na Mama Brigita, akasoma shule ya msingi hukohuko Lupiro kuanzia mwaka 1981 hadi 1987, kisha akajifunza ushonaji kwa masista hapa Ifakara, mwaka 1989 hadi 1991. Mzee Viktor alipofariki mwaka 1994, alimwachia sanduku lenye santuri kumi na moja za muziki wa roki, alizopewa na mmisionari aliyekuwa anarudi kwao, bila chombo cha kuzipigia, hivyo marehemu hakuwahi kusikia hata wimbo mmoja, alichokijua ni majalada tu.

Tarehe 24 Juni 1995 alifunga ndoa na Mwalimu Kasmiri, wakajaliwa watoto wawili, Nelly, mwaka 1997, na Fidel, mwaka 2001.

Mwaka 2006, katika kibanda chake karibu na soko, alianza kudarizi picha za majalada yale kwenye viraka, akivitia nyuma kitambaa cha gundi kama kile cha kola, vikabandikwa kwa pasi kwenye makoti ya vijana wa bodaboda na ya wafugaji wa Kisukuma: tai wa moto, treni ipitayo juu ya mawingu, mafuvu yenye taji. Paroko alipomuuliza mafuvu ya nini, alimjibu, "Padre, hata Golgota ni fuvu." Kila mteja alimwagiza aweke kitambaa chenye unyevu juu, abane pasi, ahesabu thelathini, asikiguse mpaka kipoe, kwa sababu gundi ikiwa ya moto hudanganya.

Jalada la kumi na moja hakumdarizia mtu. Mchwa walikuwa wamekula jina la kundi, ikabaki picha ya mwanamke mwenye koti jekundu, amesimama katika maji ya magotini, ametupa mgongo. Kila aliyeiomba aliambiwa hiyo ni ya fundi mwenyewe, lakini kazi za watu zilitangulia, ikapita miaka kumi na tisa, hadi Jumamosi ile alipoimaliza. Wifi yake, Paulina, alimwuliza, "Wifi, huyu anayetupa mgongo hivi, anakwenda wapi?", akajibiwa, "Akigeuka nitamuuliza."

Alitibiwa shinikizo la damu tangu mwaka 2018. Jumapili, tarehe 9, akijiandaa kwenda kanisani, alianguka chini ya dirisha lile, akafikishwa hospitali, akafariki kwa kiharusi Jumatatu, tarehe 10, saa mbili na dakika ishirini asubuhi. Tangu hapo mumewe, aliyefundisha kemia miaka thelathini, amelitazama jalada lile mara nyingi, na kila mara amejikuta akingoja ageuke.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Lipangalala, walimu wenzake Mwalimu, mafundi wa sokoni, na akina mama Wakatoliki wa WAWATA waliomwosha na kumvika sare yao. Sare haitiwi pambo, walisema hivyo mumewe alipowauliza kuhusu kiraka, naye amelikubali hilo.

Leo asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, kabla hawajamvika, mumewe aliwasha mkaa, akaigeuza sare, akakibandika kiraka kwa ndani, upande wa kushoto, picha ikielekea mwilini, akahesabu thelathini, na hakukigusa mpaka kilipopoa. Mtakaopita kuaga hamtakiona, ila ameona ni haki mjue kwamba kipo.

Pumzika, Levina, kimeshika.