Jina Nililofuta, Alisema Farasi

Kijiwe chetu hapa Elburgon ni mabanzi ya saipres yaliyopigiliwa misumari nje ya kiwanda cha mbao. Mimi ni Cheptanui. Shule niliachia kidato cha pili, sasa nauza kahawa hapo. Jumatatu hiyo kaka yangu Kipkemoi, anayepakia magogo kiwandani na ambaye kijiwe humwita Farasi kwa kupenda chesi, alikaa pembeni, simu ameizima. Programu aliyoiunda ya kucheza chesi ilikuwa imefika fainali ya mashindano ya mtandaoni. Jana yake waandaaji waliiondoa. Walisema ni ya wizi.

— Wivu tu huo, alisema Wakili, ambaye hushinda kortini akisikiliza kesi za wengine. Tuwashtaki!

— Ngoja kwanza, akasema Mzee Msumeno, mkongwe wa kijiwe. Kijana, uliiba ama hukuiba?

— Sikuiba, mzee. Kuna jamaa ng'ambo aliandika programu yake akaiweka wazi. Alisema yeyote achukue, abadilishe, hata ashindane nayo. Mimi nikaifunza kumaliza mchezo vizuri.

— Basi kesi imeisha! akasema Wakili. Ukichota maji ya mto, nani hukuuliza risiti?

— Nyinyi hamjui, akasema Antena, fundi wa simu. Hizo programu zina macho. Ilikuwa inatuona hapa tukikunywa kahawa.

— Ikaenda kuripoti? akauliza Wakili.

— Kwani unadhani malkia wa chesi huzunguka kote akitafuta nini? Ni jasusi, buda!

Wakacheka. Kaka hakucheka.

Mama mmoja, Wangechi, alikuwa akingoja mbao zake za kujengea banda la kuku. Akageuka.

— Samahani wazee. Huyo wa ng'ambo hakutaka chochote?

— Alitaka jina lake libaki ndani, kaka akajibu polepole. Na yangu pia niiweke wazi, vile aliweka yake.

— Na lilibaki?

— Nililifuta, mathe. Nikaandika langu.

Wakili akaweka kikombe chini.

— Na mimi ndiye napakia magogo, kaka akaendelea. Kila gogo halali limegongwa muhuri kwa nyundo ya maafisa wa misitu. Ukikata ile ncha yenye muhuri, kwenye kizuizi cha barabarani watalishika kama la wizi, hata kama ulilipia. Najua hiyo. Naijua kila siku.

— Pole, mwanangu, akasema Wangechi. Lakini hilo jina lingekuzuia nini?

Mimi nilijua. Siku programu iliposhinda mara ya kwanza, simu ilipita mkono kwa mkono hapo kijiweni. Kwenye skrini kulikuwa na jina moja tu, la kwetu: Kipkemoi. Wakili alilisoma kwa sauti hadi wapasuaji wa mbao wakazima mashine waje kusikia. Mzee Msumeno alinunulia kila mtu kahawa.

Kaka akanyoosha kikombe. Kahawa kwenye chupa ilikuwa imeisha. Niliiinamisha hivyo hivyo, taratibu, ili apate mahali pa kuangalia mbali na nyuso zao.