Mwalimu Bashige, Aliyeanzisha Mbio Bila Bastola

Padri wetu, wazee wa ukoo, majirani wa mtaa wetu wa Himbi hapa Goma, walimu na wakimbiaji mliofika leo licha ya njia zilivyo, tunawasalimu na kuwaambia asante kwa kulia pamoja nasi. Kazi hii ya kusoma ilikuwa ya kaka yangu Hilaire, mtoto wa kwanza wa marehemu, lakini Hilaire yuko Beni, uwanja wa ndege umefungwa na barabara imekatika, kwa hiyo nasoma mimi, Victoire, kitinda mimba wake, na wazee wameniomba nisome polepole, nisikimbie.

Mwalimu Léopold Bashige Mulumeoderhwa alizaliwa Kabare, upande wa Bukavu, tarehe 9 Juni 1951, baba yake akiwa katekista na mama yake mkulima wa maharagwe. Alianza shule ya msingi ya misheni mwaka 1958, masomo yake yakakatizwa na uasi wa 1964, kisha yakakatizwa tena na vita vya mamluki mwaka 1967, na alipopata diploma yake ya ualimu mjini Bukavu, Julai 1972, tayari alikuwa mwanaume mwenye ndevu, akikaa dawati moja na watoto waliomwita muzee.

Mwaka 1976 alitumwa Kinshasa kwa stage, yaani mafunzo, ya riadha, akarudi na cheti cha mwanzishaji wa mbio, yule tunayemwita starteri, na bastola ya departi, ya kuanzishia mbio, ambayo hupiga baruti tu bila risasi. Septemba 1977 alihamia Goma kufundisha michezo katika shule moja ya mapadri, na tangu siku hiyo hapakuwa na mashindano ya shule katika mji huu ambayo hayakuanza kwa sauti yake, « À vos marques », yaani kaeni mstarini, kisha ukimya, kisha mlio.

Wanafunzi wake waliopo hapa wanajua kwamba Ijumaa hakuna aliyekimbia kabla ya kusikiliza historia. Alituambia kwamba katika Michezo ya Olimpiki ya Athene, mwaka 1896, wengi waliingoja bastola wakiwa wamesimama wima, mmoja akainama na kuweka mikono chini, watu wakamshangaa, naye ndiye aliyeshinda, na kwamba baadaye, kwa miaka mingi, wakimbiaji wakubwa wa dunia walikwenda uwanjani na sepeto ndogo za bustani ili wachimbe vishimo vya kuegemeza miguu, hadi vibao vya kuegemea vilipoingia katika Michezo ya London ya 1948. Hapo alikuwa akigonga ardhi kwa kisigino na kucheka, kwa sababu ardhi ya Goma ni jiwe la volkano, huchimbi hata shimo la kuku, na ndiyo maana yeye alijitengenezea vibao vyake mwenyewe kwa mbao za mikaratusi, kwa msumeno wa kuazima.

Alifunga ndoa takatifu na mama yetu, Mama Apolline, ambaye mnamuona ameketi hapa mbele, tarehe 16 Agosti 1980, na Mungu akawapa watoto watatu, Hilaire, Bulonza na mimi. Bulonza alikufa kwa kipindupindu tarehe 29 Julai 1994, akiwa na miaka saba, katika wiki zile ambazo wakimbizi kutoka Rwanda waliujaza mji hadi uwanja wetu wa mbio ukawa mahali pa kulaza maiti. Papa alikuwa na magunia ya chokaa stoo, chokaa ya kuchorea mistari ya wakimbiaji, akayatoa yote yakamwagwe juu ya wafu, na la mwisho alilibeba mwenyewe hadi kaburi la mwanawe.

Sasa nafika pale ambapo wazee walitaka nipite haraka, lakini sitapita haraka, kwa sababu asiyejua siku hii hamjui marehemu. Jumamosi tarehe 12 Oktoba 1996 kulikuwa na mashindano ya shule, mimi nilikuwa na miaka sita, nimekaa kwenye miguu ya mama, na watoto wa mita mia walikuwa wameinama mstarini, Papa ameinua mkono wenye bastola, wala hajaipiga. Nje ya ukuta, upande ule wa kumalizia mbio, wanajeshi waliokuwa wanapora gari la mfanyabiashara walifyatua risasi, na wale watoto, waliofundishwa miaka mitatu kwamba ukisikia mlio unatoka bila kufikiri, walitoka. Walitoka kuelekea huko huko kwenye geti lililo wazi, Papa anapiga kelele nyuma yao, na aliyekuwa mbele ya wote ni Benny, mtoto wa Mama Kaswera wa Butembo, kwa sababu Benny ndiye aliyekuwa na mbio kuliko wote. Wenzake waliona na kujitupa chini, yeye alikuwa ameshazifikia risasi.

Mama Kaswera hakumtukana mwalimu, hakumshitaki, alimwambia tu kwenye kilio cha Benny, mbele ya watu, « Mwalimu, mutoto alifanya tu ile ulimufundishaka », na ninawaambia ukweli, afadhali angemtukana. Jumatatu Papa aliiweka ile bastola juu ya jiwe nyuma ya nyumba, akaiponda kwa nyundo hadi ikawa vipande, akaapa kwamba mtoto wa mikono yake hatatoka tena kwa mlio wa bunduki.

Kuanzia hapo alianzisha mbio kwa mbao mbili, akizigonganisha juu ya kichwa chake, na pamoja na kufundisha kutoka akafundisha na kulala. Tukiwa tunacheza, tukiwa tunakula, tukiwa tunatoka misa na nguo nyeupe, angeweza kupasua mfuko uliojazwa upepo au kupiga bati kwa nyuma, na kila mtoto alipaswa kuwa chini, tumbo kwenye jiwe, mikono kichwani, asiinuke mpaka aambiwe, na wa mwisho kulala anaosha sufuria za wote. Majirani walimcheka, wakasema mwalimu amerukwa na akili, lakini vita vya Agosti 1998 vilipofika kwenye avenue yetu, watoto wao walilala kabla ya wazazi wao, na kicheko kikaisha.

Mimi nilirithi miguu yake, au tuseme miguu ambayo yeye angependa kuwa nayo. Baada ya lava ya volkano ya Januari 2002 kula uwanja na nyumba yetu tulifanya mazoezi juu ya lava yenyewe, ilipopoa, na mwaka 2012 nilikuwa msichana mwenye mbio kuliko wote wa Kivu, nikaitwa Kinshasa, ambako walitafuta msichana mmoja wa mita mia wa kwenda Michezo ya Olimpiki ya London. Kocha wetu, Jean-Bosco, alimletea Papa bastola ya kuazima, akamwomba anizoeze, maana huko hawatumii mbao, na mimi nilipiga magoti, mbele ya mama, nikamwomba. Alikataa. Alisema, « Nikikuondolea ile ya kulala, vita ikirudia, nani atakulalisha? », akamrudishia Jean-Bosco bastola yake ikiwa bado kwenye mfuko.

Nilijidanganya kwamba nitaushinda mwili wangu kwa akili. Tarehe 9 Juni 2012, siku ya kuzaliwa ya Papa, bastola ililia Kinshasa, wasichana saba wakatoka, na mimi nilikuwa nimelala kwenye mstari wangu, mikono kichwani, nikingoja kuambiwa niinuke. Uwanja mzima ulicheka, walidhani nimeteleza. Nilirudi Goma na sikumsalimu baba yangu asubuhi hata moja hadi Novemba, wakati mabomu yalipoanguka tena na tukalala pamoja chini ya kitanda kimoja, hapo huwezi kuendelea kununa.

Agosti ile alikwenda kwa jirani mwenye televisheni kuangalia mita mia ya wanawake, akarudi ameduwaa, akatueleza kwamba siku hizi huko Olimpiki bastola ni ya umeme, si ya baruti tena, na mlio unatoka katika vipaza sauti nyuma ya kila mkimbiaji, ili yeyote asisikie kabla ya mwenzake. Alisema, « Ba kule wanahangaika mutu asichelewe kusikia », akaingia chumbani kwake, na mama anasema alilia. Aliijua bei ya kiapo chake, na aliyeilipa nilikuwa mimi, na hakuna siku aliyosema kwamba haijui.

Alistaafu mwaka 2016 bila kuagwa na serikali, jambo ambalo halikumshangaza, akawa anapanda hadi kambi ya Kanyaruchinya kila Jumamosi kuwachezesha watoto wa wakimbizi wa ndani. Huko hata mbao ziliwatisha, watoto waliotoka Rutshuru walikuwa wakizisikia na kukimbilia kwenye mahema, kwa hiyo akaziacha pia, akaanza kuanzisha mbio kwa kudondosha leso.

Kuhusu afya, marehemu alikuwa na presha, na masikio yake, yaliyokaa karibu na bastola miaka ishirini, yalizidi kufa, la kulia tangu 2018 na la kushoto miaka miwili iliyopita. Alikataa kifaa cha kusikilizia, akisema amesikia ya kutosha.

Jumanne tarehe 28 Januari 2025 mji ulikuwa hauna maji wala umeme, mapigano yako mitaani, na sisi tumejifungia. Papa alichukua bidoni, dumu letu la maji, akatoka kimyakimya kwenda ziwani wakati mimi niko jikoni, kwa kuwa hakuweza kuwaona wajukuu wakiwa na kiu. Nilimfuata nikafika getini, na hapo risasi zilianza kulia kutoka juu ya avenue. Watu wote walilala, akina mama na mabeseni yao, vijana, hata mgonjwa aliyekuwa anasindikizwa, na mtu mmoja tu alibaki amesimama, anatembea na bidoni yake, mwalimu wa kulala. Nilimwita, nikamwita tena, naye hakusikia. Alipigwa tumboni, akakaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka.

Nilikuwa nimelala getini, mikono kichwani, kama alivyonifundisha. Ulipolia mlio mwingine niliinuka, nikatoka. Sikuwahi kutoka kwa bunduki maishani mwangu, si nyumbani, si Kinshasa, na siku ile nilitoka kama ninavyopaswa kutoka, na Papa aliponiona nakuja akaanza kunipungia mkono kuelekea chini, chini, na nilipofika alikuwa amekasirika kweli, anasema, « Victoire, nani alikufundisha kukimbia mu masasi? Lala! » Nilimburuta hadi nyuma ya ukuta wa mawe, damu yake ikiwa kwenye kitenge changu, na njia nzima alikuwa ananigombeza.

Chance, jirani yetu, alimpakia kwenye chukudu yake, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, ya kubebea viazi, akaisukuma hadi hospitali, ambako wagonjwa walikuwa wamelazwa hadi chini ya ngazi. Alhamisi mchana aliniita kwa kidole, akaniangalia miguu, akasema, « Départ yako ilikuwa muzuri. Lakini usirudilie. » Alituaga Ijumaa tarehe 31 Januari 2025, mchana, akiwa na miaka sabini na mitatu, ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu watano.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, waliofanya kazi bila maji na bila kulala, waliomwita mwalimu hadi mwisho. Tunamshukuru Chance, aliyekataa hata asante. Tunawashukuru walimu, Kocha Jean-Bosco, majirani waliochimba kaburi katika jiwe hili, na Mama Kaswera, aliyekuja juzi na sufuria ya maharagwe, akakaa karibu na mama, akamshika mkono, hawajaachana hadi sasa. Wale waliofyatua siwashukuru, wala siwajui.

Papa, uliniambia nisirudilie, na nilinyamaza kwa sababu hukuwa na nguvu ya kugombana. Jibu langu ni hili, nalisema mbele ya Padri: watoto wangu nawafundisha kulala, kila siku, kama ulivyotufundisha, lakini mtu wangu akibaki amesimama kule barabarani, nitatoka tena. Nikasirikie huko uliko. Ukimaliza kunikasirikia, pumzika, Papa yangu, kwa amani ile ambayo Goma haikuwahi kukupa.