Pa Kumpeleka Mama Kayal

Gari la ile familia ya Bangalore lilirudi njia panda likinuka dawa ya mabanda ya kuku, na Palanivel akanyanyua gazeti hadi usawa wa macho, akaanza kulisoma kwa bidii. Alikuwa amelishika juu chini. Asubuhi hiyo hiyo watu hao hao walisimama mbele ya benchi la Vellaiyan muuza kahawa, wakauliza njia ya kwenda kwenye maporomoko ya milima ya Kolli, na benchi zima likamgeukia yeye. Angefanyaje? Mtu ameshika usukani wa lori tangu masharubu yake meusi. Mtu ukimwamsha usingizini ukamuuliza njia ya Guwahati anakutajia mpaka matuta. Mtu ambaye madereva wote wa Namakkal wanamwita Ramani. Huyo aseme haijui njia ya mlima anaoutazama kila akinywa kahawa? Alisimama, akakunjua kikoi kifike miguuni, akanyoosha mkono. Kushoto, kulia, kushoto tena. Mkisikia maji, mmefika.

— Maji tuliyasikia, alisema baba wa familia, akichungulia dirishani, nywele zimemganda kichwani. Geti likafunguliwa, tukarushiwa maji kushoto na kulia, mke wangu akapiga picha. Kumbe dawa. Eti tusiwapelekee kuku vijidudu vya Bangalore.

— Hilo ni shamba la mayai, alisema Daktari. Wale wanafuata utaratibu, lazima tuwasifu.

Daktari jina lake ni Chinnathambi, na kazi yake ni kuchanja kuku, shamba hadi shamba. Binadamu hajawahi kumtibu, ila ushauri huwa hawanyimi.

— Mzee, aliendelea yule bwana, bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililomchoma Palanivel zaidi. Wewe mwenyewe umewahi kufika huko kwenye maporomoko?

Palanivel alifungua ukurasa.

— Na ninyi wengine?

Vellaiyan alifuta bilauri iliyokuwa imeshafutwa. Kutoka kiti cha nyuma bibi mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Tukaulize mwanamke," na gari likaondoka.

— Watalii wa siku hizi hawana subira, alisema Arumugam. Haraka haraka haina baraka.

Arumugam ni Katibu. Katibu wa kamati ya hekalu, wa chama cha kuzikana, wa kila kikao kinachohitaji mtu wa kusimama na kukohoa kabla ya kusema.

— Kaka, acha watalii, alisema Kuppusamy. Jumapili je?

Kuppusamy ni utingo wa Palanivel. Amekaa kushoto kwa bosi wake kwenye lori miaka mingi hata kijiweni hukaa kushoto, na benchi likijaa upande huo husimama.

Palanivel alikunja gazeti. Hapo ndipo penye mfupa. Lori lilikuwa kwa mafundi likipakwa rangi, na yeye, kwa mara ya kwanza tangu bintiye Kayalvizhi aolewe Erode, alikuwa nyumbani wiki nzima. Siku ya pili tu mkewe, Poongodi, alimwekea wali kwenye jani la mgomba, akasubiri mpaka ameshiba, ndipo akasema: tangu umenioa hujanipeleka popote. Jumapili nipeleke mahali. Usiponipeleka nitakwenda kwa Kayal, na kurudi kwangu usiulize.

— Alisema hivyo hivyo? aliuliza Katibu.

— Hivyo hivyo. Hata sauti hakupandisha.

— Basi ni kweli, alisema Daktari. Kuku anayepiga kelele hana ugonjwa. Yule aliyekaa kimya pembeni ndiye wa kuchanja.

— Mke wangu si kuku.

— Nimesema kwa upande wa dalili.

— Hebu tulieni, alisema Katibu, akakohoa. Wilaya yetu imejaa mahali pa kupeleka mtu. Watu wanatoka mpaka Bangalore. Kwanza kuna jabali letu la mjini lenye ngome juu.

— Jabali anaanika nguo akilitazama, alisema Kuppusamy. Umpeleke mtu kutazama anachokitazama?

— Lakini hajalitazama kutoka juu!

— Ukiwa juu yake hulioni tena. Unaona mji. Mji anaujua.

Hoja hiyo ilikuwa nzito, na jabali likawekwa kando. Katibu akahamia kwa Anjaneyar, mungu wetu wa jiwe anayesimama pale chini ya jabali, hekalu lake halina paa, jua lake mvua yake.

— Hana paa kwa sababu anakua, alisema Katibu. Kila mwaka kidogo. Mababu wangemjengea paa, angelitoboa. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

— Kukua kunategemea lishe, alianza Daktari. Kuku wangu kwa mfano…

— Chinnathambi, kunywa kahawa.

Daktari alikunywa kahawa.

— Na huko huwa anakwenda kila Jumamosi, alisema Palanivel kwa unyonge. Siwezi kumwambia nampeleka mahali anaponipelekea maombi.

— Basi Tiruchengode! Katibu alipiga paja. Mungu wa kule ni nusu mwanamume nusu mwanamke, mwili mmoja. Wanandoa wakipanda kilima kile wakimtazama pamoja, ugomvi umekwisha. Wanashuka wameshikana, hata hawajui nani ni nani.

Palanivel aliwaza. Alijiona amesimama mbele ya sanamu ile, Poongodi pembeni yake, kimya kama mawe ya ngazi. Kisha akamsikia akiuliza: na nusu yetu ya kiume ilikuwa wapi muda wote huu?

— Tiruchengode hapana, alisema haraka.

— Kwa nini?

— Maegesho mabaya.

Vellaiyan alimimina kahawa kutoka juu, mkono mmoja usawa wa sikio na mwingine usawa wa kiuno, povu likapanda. Hakumwaga tone.

— Kwa hiyo tunarudi kule kule, alisema Kuppusamy. Maporomoko.

Wote wakainua macho. Milima ya Kolli ilikuwa pale ilipokuwa jana, ya bluu, na wingu limeikalia begani.

— Milima haikutani, alisema Katibu kwa huzuni. Ndiyo maana na sisi hatujakutana nayo.

— Maji yale ni dawa, jamani, alisema Daktari. Yanapita kwenye mizizi ya mitishamba yote. Ukisimama chini yake, goti linapona.

— Goti lake zima.

— Basi atarudi na goti la akiba.

— Si dawa tu, alisema Katibu. Yanaitwaje? Ganga ya Angani. Hujiulizi kwa nini? Ni maji ya mto Ganga yenyewe. Yanazama huko kaskazini, yanapita chini kwa chini, yanakuja kutokea hapa.

— Sasa unatupiga kamba, Palanivel alisema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo sauti yake ilikuwa na mwili, maana hapa alikuwa kwenye barabara zake. Ganga nimeuvuka kwenda Patna hata sihesabu. Hakuna njia ya chini ya kuja huku. Ingekuwepo, malori yangeitumia.

— Uliuona vizuri?

— Niliuvuka.

— Nimeuliza kuuona.

Palanivel alimgeukia Kuppusamy apate shahidi.

— Mbele yetu kulikuwa na lori la vitunguu, alisema Kuppusamy. Lilikuwa limejaza sana.

— Mimi ushahidi ninao, alisema Daktari, akavuta benchi. Kuna mzee alidondosha kuku kwenye Ganga, kule Benares. Kuku wa kuweka nadhiri. Miezi ikapita, kuku yule akaokotwa Kolli, chini ya maporomoko, mzima, ametaga.

— Walijuaje ni yule yule?

— Alikuwa na kamba mguuni. Wahenga walishasema: kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

Hapo hata Katibu alikubali, kwa sababu methali ilikuwa imekaa mahali pake kabisa na hakuna aliyejua namna ya kuitoa.

— Sawa, alisema Palanivel. Lakini mlima ule una kona sabini. Kila dereva anasema. Na lori langu halitoki kwa mafundi mpaka Jumapili jioni.

— Panda basi.

— Mimi?

— Kama abiria.

— Ramani akakae kiti cha nyuma ameshika begi la mke wake, konda anamwambia mzee sogea? Nitaonekanaje, Arumugam? Watu watasema hata mlima wa nyumbani kapelekwa.

— Bwana we, aliye juu mngoje chini, alisema Katibu. Mpeleke mpaka mwanzo wa mlima, mkae kwenye mgahawa, mle bajia. Maji yenyewe si yanaporomoka? Yatashuka yatawakuta.

— Wazo hilo si baya, alisema Daktari.

— Ila zile kona zenyewe ndizo dawa, Katibu aliendelea, akiwa sasa amesimama. Nimelifikiria hili. Kwa nini ziwe nyingi hivyo? Injinia alikosa njia iliyonyooka? Hapana! Injinia naye alikuwa na mke. Kona ya kwanza mke anakulaumu kwa jambo la jana. Kona ya kumi, la mwaka jana. Kona ya arobaini amefika kwenye harusi, anakulaumu kwa sari ya shangazi yako. Mkifika juu lawama zote zimekwisha, hana hata moja. Anatazama maji tu.

Benchi lilitafakari.

— Na wakati wa kushuka? aliuliza Kuppusamy.

— Kushuka anaanza kukusifu. Ni kona zile zile.

Palanivel alitaka sana kuliamini jambo hilo. Alikuwa tayari kwa kona hata mia mbili. Kilichomtisha kilikuwa kurudi kutoka safari ijayo, kugonga mlango, na mlango usifunguliwe.

— Pigeni kura, alisema. Chochote mtakachoamua nitampeleka.

Kabla mkono haujainuliwa, Vellaiyan aliacha kumimina. Kwenye njia ya vumbi alikuwa anakuja Poongodi, asumini kichwani, ncha ya sari ameichomeka kiunoni kama mtu aliyetoka kazini na atarudi kazini. Wanawake hawaji kijiweni kwa Vellaiyan. Hakuna sheria, hawaji tu. Wanaume watatu waliokuwa wameketi walisimama kwa pamoja na benchi likayumba.

— Karibu, shemeji, alisema Katibu. Keti.

Poongodi hakuketi.

— Kuna gari la Bangalore limesimama nyumbani kuuliza njia, alisema. Nimewaelekeza. Wanasema kuna mzee wa masharubu huku kawapeleka kwa kuku.

Alimtazama mumewe, kisha akatazama pembeni, kama mtu anayemsitiri mwenzake.

— Mlikuwa mnanijadili. Mmefika wapi?

Katibu alikohoa.

— Shemeji, kikao kimeona hivi. Kwanza, maporomoko ya Kolli.

— Nimekwenda.

— Umekwenda? alisema Palanivel. Lini?

— Na kina mama wa kikundi. Tulikodi basi dogo, tukaimba kona zote. Aliyetapika ni dereva.

Katibu aliangalia mikono yake, kana kwamba kumbukumbu za kikao zilikuwa zimeandikwa humo.

— Tiruchengode, basi.

— Kayal alipokuwa hapati mchumba, nani alikuwa anapanda kule kwa miguu? Au mlidhani alipatikana kwenye mzigo wa vitunguu?

— Jabali, alisema Daktari kwa sauti ndogo. La mjini.

Poongodi aligeuka kutazama upande wa mjini.

— Jabali nilipanda na mama yake huyu, kabla hajafariki. Bibi wa watu na miguu yake ile. Alitaka kuliona lori la mwanawe likitoka mjini. Tulikaa mpaka jua likatuchoma. Malori yalipita mengi. Yote yanafanana.

Hakuna aliyekunywa kahawa. Palanivel alijua siku ile ni ipi. Au hakujua, zilikuwa siku nyingi, na katika kila moja alikuwa ametoka mjini akitazama mbele.

— Mbona hukuwahi kuniambia, Mama Kayal?

— Ningekuambia ukiwa wapi?

Palanivel aligeuka kwa Kuppusamy, kama kawaida yake akikwama.

— Nagpur, alisema Kuppusamy, kwa kuwa ndipo palipokuwa na uwezekano mkubwa.

— Basi Jumapili unataka nikupeleke wapi? aliuliza Palanivel. Kote umeshafika. Mimi sina pa kukupeleka.

— Jumapili nitafua. Jumatatu unakwenda wapi?

— Jumatatu? Jumatatu kazini. Nina mzigo wa wanga wa muhogo. Hyderabad, halafu Nagpur.

— Haya. Huko huko.

Palanivel alifungua mdomo. Akataka kusema barabara ni ndefu, kwamba hakuna cha kuona, kwamba watu hulala kwenye ubao nyuma ya kiti na kuoga bombani kwenye kituo cha mafuta. Akaona kwamba kila alilotaka kusema lilikuwa ndilo hasa mkewe alilotaka kuliona. Poongodi alikuwa ameshaanza kuichomeka upya ncha ya sari yake, mambo yamekwisha.

Ni Kuppusamy ndiye aliyepiga hesabu ya viti. Lori lina viwili.

— Shemeji, alisema, na mimi je?

— Wewe umeshaona.