Karatasi Arobaini za Mwalimu Dzigbordi

Mchungaji, wazee wa ukoo, walimu, majirani, nanyi nyote mliotoka mbali, mimi ni Yayra, kitinda mimba wa marehemu, familia imenituma niwasomee maisha ya mama yetu, nami nimehakiki kila tarehe kwa cheti, barua au daftari, isipokuwa ile ya ubatizo wake, ambayo kitabu chake kililiwa na mchwa. Kabla sijaanza, naomba kila mwenye kijitabu cha mazishi afungue ukurasa wa kwanza, na mwenye kalamu akate maneno "Shahada ya Uzamili" yaliyochapwa baada ya jina la marehemu, kwa kuwa mjomba aliyaweka kwa upendo, lakini mama hakuipata shahada hiyo, na sababu ya kutoipata ni sehemu ya historia hii.

Yawa Dzigbordi Amenuvor alizaliwa Alhamisi, tarehe 14 Machi 1968, hapa Gbedome, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Seth Komla Amenuvor, mfumaji wa kente, na Mama Abla Kpodo, muuza abolo, ile mikate ya mahindi ya mvuke, akabatizwa mwaka huohuo, yapata mwezi wa Mei. Alianza shule ya msingi Septemba 1974, na bibi alikuwa akisimulia kwamba kabla ya mwezi kwisha mwalimu alimrudisha nyumbani na ujumbe, "Mwambie mama yako akufundishe kunyamaza," bibi akamjibu mwalimu huyo sokoni, mbele ya wateja, "Mimi nimemzaa na mdomo, wewe mfundishe kuutumia." Alimaliza chuo cha ualimu Juni 1989, akapangwa kufundisha shule ya msingi ya hapa mjini tarehe 5 Septemba mwaka huo, na hakuhama mpaka ugonjwa ulipomtoa.

Alifunga ndoa na marehemu baba yetu, Bwana Godwin Yao Klutse, bwana shamba, tarehe 16 Desemba 1995, wakajaliwa watoto wawili, kaka yangu Selasi, aliyezaliwa 1997, na mimi, niliyezaliwa 3 Aprili 2000, na baba alipofariki Agosti 2005 mama alivaa nguo nyeusi mwaka mzima, akaendelea kutulea peke yake bila kukosa siku hata moja ya kazi.

Katika kufundisha kwake aligundua jambo ambalo lilimsumbua kwa miaka mingi, kwamba walimu wakiulizwa ni watoto gani wenye vipawa, wanawataja walio safi, wapole na wenye mwandiko mzuri, ilhali wale wenye vichwa vikali kuliko wengine wako nje wanapalilia uwanja, kwa sababu wameuliza swali ambalo mwalimu hana jibu lake. Alianza kusoma daftari la adhabu la shule kama mtu mwingine anavyosoma gazeti, na humo ndimo baadaye alimomkuta msichana wa darasa la sita aliyeadhibiwa kuchota maji mtoni wiki mbili kwa kosa la kufungua pampu ya shule, pampu ambayo, baada ya msichana huyo kuifunga tena, ilitoa maji miaka minne bila kuitiwa fundi.

Ili jambo hilo lisibaki kuwa maneno ya chumba cha walimu, mwaka 2009 aliomba likizo ya masomo yenye mshahara akasomee shahada ya uzamili ya kufundisha watoto wenye vipawa, akajibiwa kwamba somo hilo halimo katika orodha ya masomo yanayoruhusiwa, hivyo akajiandikisha kusoma wakati wa likizo ndefu, kuanzia mwaka 2010, pamoja na mwenzake wa shule hiyohiyo na rafiki yake wa miaka kumi na minane, Mwalimu Enyonam Gavor, wakilala chumba kimoja, wakipikia jiko moja, wakigawana gari, ule unga wa muhogo uliokaangwa, na shito, pilipili ya kukaanga, mpaka chupa inakwanguliwa kwa kidole.

Kwa ajili ya tasnifu yake mama aliwapima watoto arobaini, ishirini kutoka orodha ya walimu na ishirini kutoka daftari la adhabu, akawachanganya na kuwapa namba badala ya majina, na kwa sababu chuo kilitaka karatasi zisahihishwe na mtu asiyejua namba ni ya nani, kila mmoja kati ya marafiki hao wawili alisahihisha karatasi za mwenzake na kutia sahihi chini ya kila moja. Katika orodha ya walimu nilikuwamo mimi, na msimamizi wake alimshauri, "Mtoe mwanao, utapata maneno," mama akamjibu, "Nikimtoa wangu, wa jirani nitamwacha kwa haki gani?"

Mwalimu Enyonam alizisahihisha karatasi hizo arobaini katika sebule yetu, Jumamosi tatu mfululizo, tarehe 4, 11 na 18 Februari 2012, kwa kalamu nyekundu ya mama, nami nilikuwa na umri wa miaka kumi na moja, nikimletea maji na karanga, na maneno yake ninayo mpaka leo. Alipofika namba tisa alipiga meza akasema, "Yayra, niletee maji mwanangu, huyu wa tisa amenikausha koo, hii hesabu mimi mwenyewe nimeipata mara ya pili!" na alipofika kumi na saba alicheka, "Huyu kasuku huyu, mwandiko kama wa kadi ya harusi, lakini kakariri tu, ukimgeuzia swali anazama," nami nilicheka pamoja naye, ila mama, aliyekuwa akichambua maharagwe, hakucheka.

Matokeo yalikuwa haya, kwamba katika ishirini wa orodha ya walimu sita ndio waliofikia alama ya wenye vipawa, na katika ishirini wa daftari la adhabu walifikia kumi na mmoja, na mama aliwasilisha tasnifu yake tarehe 28 Juni 2012, miezi michache kabla wilaya haijafungua darasa maalumu la wenye vipawa lenye nafasi ishirini, nafasi ambazo zilikwisha kuahidiwa watoto walewale wa orodha ya walimu, ambao wazazi wao wengi walikuwa watu wa ofisini. Kamati ya darasa hilo ilipelekewa sura ya nne ya tasnifu, yenye matokeo hayo, ikamwita Mwalimu Enyonam na kumuuliza kama alama zile ni zake, naye akaandika kwa mkono wake, tarehe 20 Agosti, kwamba alitia sahihi kwa kumwamini rafiki yake, bila kuziona karatasi.

Chuo kiliirudisha tasnifu tarehe 17 Septemba kwa maelezo kwamba alama hazikuthibitishwa, na siku nne baadaye Mwalimu Enyonam aliteuliwa kuongoza darasa maalumu. Jumamosi ya tarehe 22 mama alinishika mkono tukaenda kwake, naye akasimama mlangoni, hakutukaribisha ndani, akasema, "Dada, wewe una jina, utaandika nyingine, mimi nina watoto wanne na bahati moja," na mama, ambaye sikuwahi kumwona akikosa neno, alisema tu, "Basi kalamu yangu nyekundu uliyoondoka nayo, nirudishie," akajibiwa, "Kalamu gani?"

Darasa lilifunguliwa Oktoba nami nilikuwa miongoni mwa wale ishirini, nikafundishwa na Mwalimu Enyonam miaka mitatu, mama akinipigia pasi sare ya darasa hilo kila asubuhi, na katika miaka yote mitatu sikumwambia mtu yeyote kwamba niliziona zile Jumamosi, hakuna aliyeniuliza, lakini pia sikujitolea kusema, kwa sababu niliipenda sare ile. Tarehe 11 Machi mwaka huu, nilipofungua sanduku la bati lililo chini ya kitanda chake ili niandike historia hii, nilizikuta karatasi zote arobaini, na namba kumi na saba ni mwandiko wangu, na chini ya karatasi hizo kulikuwa na nakala ya barua aliyoiandikia kamati tarehe 1 Oktoba 2012, akiomba nafasi ya binti yake apewe mtoto wa namba tisa, pamoja na jibu la mstari mmoja, kwamba orodha imekwisha kutiwa sahihi.

Mama aliandikia chuo barua kila mwaka, jumla kumi na moja, akapata majibu mawili, hakukubali kuandika tasnifu nyingine kwa kuwa ile haikuwa na kosa, akaendelea kusoma daftari la adhabu na kuwakusanya watoto wa humo darasani kwake kila Ijumaa baada ya masomo. Aliugua figo kuanzia Novemba 2022, akalazwa mara nne, na tarehe 27 Februari mwaka huu aliniuliza kitandani, "Zile karatasi zipo?" nikamwambia zipo, ingawa sikuwa na hakika, akasema, "Usizitie chumvi, wasomee zilivyo," akafariki Jumanne, tarehe 4 Machi 2025, saa kumi na moja alfajiri, zikiwa zimebaki siku kumi atimize miaka hamsini na saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya wilaya, hasa wa wodi ya wanawake, inawashukuru majirani waliotupikia tangu siku ya kwanza, kwaya, na walimu wote wa shule yake. Tunamshukuru Sitsofe Agbeko, fundi wa sokoni, aliyekitengeneza kipaza sauti hiki saa moja asubuhi hii baada ya mafundi wawili wa kiume kushindwa, na ambaye ameniruhusu niseme kwamba yule msichana wa pampu ni yeye, na namba tisa ni yeye.

Tunamshukuru pia Mwalimu Enyonam Gavor, aliyekaa safu ya pili, kwa salamu zake za rambirambi zilizo ukurasa wa sita, nami kwa niaba yangu binafsi namshukuru kwa kazi ya Jumamosi tatu za Februari 2012, kwa maana alizisahihisha karatasi zote arobaini, moja baada ya moja, kwa haki, hata yangu, na mimi ndiye niliyekuwa nikimletea maji.

Mama, karatasi ziko hapa mezani karibu na jeneza lako, atakaye kuziona aje azione, nimezisoma zilivyo, nimechelewa miaka kumi na mitatu. Lala sasa, Mwalimu, upumzike.