Taa ya Jikoni kwa Marehemu Mama Tvedt

Wasikilizaji wapendwa, jirani wa marehemu Orval Tvedt, Duane Krogstad, anasema alimwona kwa macho yake. Kila jioni Orval aliingia kwenye nyumba ya marehemu mama yake, akawasha taa ya jikoni, akafunga mlango, akarudi kwake. Nyumba haina mtu. Taa inawaka.

Orval alikuwa diwani wetu. Moyo wake ulisimama Jumanne akiwa ghalani, mahindi yangali shambani. Leo tunamkumbuka.

Hakuwa msemaji. Kwenye baraza la wilaya alikaa karibu na birika la kahawa, kofia gotini. Mwaka huu baraza lilijadili minara ya kufua umeme kwa upepo, na watu walizozana hadi kanisani. Siku ya kura, Orval alinyoosha mkono. Alikubali. Narudia, Orval aliikubali minara.

Lakini sheria waliyopitisha siku hiyohiyo inakataza mnara karibu na nyumba inayokaliwa. Taa ikiwaka, nyumba inahesabiwa kuwa inakaliwa. Na mnara wa Duane, ambao kodi yake ingeliokoa shamba lake lisipigwe mnada, umepangwa ng'ambo ya uzio wa nyumba ile.

"Alinipa kwa mkono huu, akaninyang'anya kwa mkono ule," Duane aliniambia. "Tumevuna pamoja miaka yote, bwana! Si angenitukana tu nikajua moja?"

LaVonne, mjane wa Orval, alicheka huku akijifuta machozi. "Orval na hila wapi na wapi? Huyo hata tukicheza karata, zake nilikuwa naziona! Alikuwa anamkumbuka mama yake tu." Akakunja leso yake. "Au sijui. Hata mimi hakuniambia."

Nimewasikiliza wote wawili. Nimebaki palepale.

Jana baada ya maziko, tukila kwenye ukumbi wa chini wa kanisa, Duane alimwendea LaVonne. "LaVonne, baraza linakuja kesho jioni kuitazama ile nyumba. Naomba taa isiwake."

"Kula kwanza, wewe. Umekonda," akamwongezea viazi vya kuoka.

Poleni sana, familia ya Tvedt. Nasi tuliobaki tujiulize: tunafanya nini kila siku ambacho wenzetu watashindwa kukielewa tukiondoka?

Nikija hapa studio leo jua likizama, baraza likiwa bado halijafika, nilipita pale. LaVonne alikuwa jikoni kwa mama mkwe wake, dirisha wazi, taa bado haijawashwa, mkono ukutani, kwenye swichi. Duane alikuwa barabarani ndani ya gari lake, kioo amekishusha.

"LaVonne," aliita. "Tafadhali."

Nilisimama kidogo, nikasikiliza. LaVonne hakugeuka.